Huko Hai, Wazee Wanaulizwa Maoni

Ukiiacha barabara kuu ya Moshi–Arusha na kushika ile ya Machame, mlima unakupokea mapema. Chini kuna jua, mahindi na vumbi la tambarare. Ukipanda kidogo tu, migomba imefunga pande zote mbili, kahawa imejificha chini yake, na maji ya mfongo, mfereji wa kienyeji, yanasikika kabla hujayaona. Nyumba hazionekani barabarani. Kila moja imo ndani ya kihamba chake, yaani shamba la migomba la familia, nyuma ya ua wa masale, na mgeni hawezi kudhani kuwa anapita katikati ya watu wengi kiasi hicho. Waliobaki humo kwa wingi ni wazee na wajukuu. Vijana wako Dar es Salaam, Arusha na Mwanza, wanarudi Desemba.

Hii ni Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, na huenda hakuna sehemu nyingine ya vijijini Tanzania ambako ugonjwa wa kusahau wa uzeeni umechunguzwa kwa kina kama hapa. Madaktari huuita demensia. Nyumbani watu husema mzee amechanganyikiwa, au husema ni uzee tu, na mazungumzo huishia hapo. Nilipanda kuitazama tiba isiyo na kidonge wala sindano, tiba iliyojaribiwa katika vijiji hivi kwa utaratibu mkali ule ule unaotumika kujaribu dawa. Naamini bado haijapewa heshima yake.

Kikao kilikuwa katika ukumbi mdogo wa usharika, wenye madirisha ya vioo vya rangi na harufu ya nta ya sakafu. Saa nne kasorobo wakaanza kufika. Bibi mmoja aliletwa na bodaboda, amekaa upande, mjukuu aliyepanda nyuma yake kamshika kiuno. Babu mwenye koti zito na kofia ya pama aliteremka kwa miguu, mkaza mwana wake akimfuata hatua mbili nyuma, bila kumgusa ila mkono uko tayari. Walipotimia walikuwa saba. Muuguzi aliwaamkia mmoja mmoja kwa jina, shikamoo bibi, shikamoo babu, kisha akanyamaza mpaka marahaba ije kwa wakati wake. Kwa mmoja ilichelewa sana. Hakuna aliyemharakisha wala aliyemjibia.

Viti vilipangwa duara. Kwenye ubao kulikuwa na jina la siku, jina la mwezi, na picha ya wingu iliyochorwa kwa chaki kwa ajili ya wale ambao hawakupelekwa shule. Aliyeongoza alikuwa dada mmoja aliyesomea tiba kwa vitendo, ingawa pale ukumbini kila mtu alimwita daktari. Nilitarajia awaulize leo ni siku gani, kama wanavyoulizwa wazee hospitalini. Hakuuliza. Alisema mwenyewe kwamba leo ni Alhamisi, na kwamba masika yanasuasua, kisha akauliza: "Wazee wangu, mnaonaje, tupande sasa au tungoje?"

Ukumbi ukaamka. Bibi wa bodaboda alisema anayengoja mvua ihakikishwe atakula majani. Mwingine alisema mbegu ikioza ardhini nani atamrudishia. Mabishano hayo hayakuwa na jibu sahihi, na ndiyo maana yalichaguliwa. Mtu ambaye ubongo wake unampoteza huogopa maswali yenye jibu moja, kwa sababu kila moja linaweza kumwumbua mbele ya watu. Ukimwuliza mwezi huu ni upi, unampima. Ukimwuliza anaonaje, unamheshimu, na hata akisahau alichokuwa akisema, bado amechangia.

Mpira wa vitambaa ulizunguka, kila aliyeudaka akitaja jina lake na kitu anachokipenda. Wakaimba wimbo ambao kikundi kilijichagulia siku ya kwanza. Baada ya hapo kikapu kilimwagwa mezani: ndizi mshare, ulezi, maharage, magadi, chumvi ya mawe. Mada ya siku ilikuwa chakula, hasa kiburu, pishi la ndizi na maharage. Kiburu kizuri, aliuliza dada yule, kinaanza na nini? Wanawake walianza kubishana juu ya magadi, wengine wakiyataka, wengine wakisema yanaharibu ladha. Katikati ya kelele hizo babu wa pama, ambaye tangu aingie hakuwa ametoa neno, alinyanyua mkono.

"Maharage kwanza," alisema. "Ndizi ukiiweka mapema, unapika uji."

"Wewe mwanamume umejulia wapi?"

"Mama alikuwa akinituma kuni. Nilikuwa nakaa naangalia."

Walicheka wote. Mlangoni, mkaza mwana wake alijifunika mdomo kwa kanga. Baadaye aliniambia kwamba tangu Pasaka hajamsikia baba akisema sentensi nzima mbele ya watu. Sitaki msomaji adhani babu huyo aliponywa. Dakika chache tu baadaye aliuliza kama hapa ni hospitali, na kama atalala. Lakini alikuwa amesema jambo, wenzake wakalisikia, na mmoja wao akalibishia kama anavyobishiwa mtu mwenye akili zake.

Tiba hii huitwa tiba ya kuchangamsha akili. Ilitungwa Uingereza na Aimee Spector na wenzake wa University College London, na jaribio lao kubwa la kwanza lilichapishwa mwaka 2003. Watu 201 wenye demensia, waliokuwa katika nyumba za kutunzia wazee na vituo vya mchana, waligawanywa kwa bahati nasibu: baadhi wakaingia katika vikundi, baadhi wakaendelea na matunzo ya kawaida. Vikao vilikuwa 14, vya dakika 45 kila kimoja, mara mbili kwa wiki kwa wiki 7. Kila kikao kina mada yake: utoto, sauti, chakula, habari za sasa, nyuso, pesa, mafumbo ya maneno, namba, mashindano ya timu. Waliokaa katika vikundi walifanya vizuri zaidi katika vipimo vya kumbukumbu, na wenyewe walisema maisha yao yamekuwa bora. Faida yao kwenye vipimo vya akili ililingana na ile iliyokuwa ikipatikana kwa dawa za wakati huo. Tangu mwaka 2006 miongozo ya afya ya Uingereza inapendekeza vikundi vya namna hii.

Ila nyumba ya wazee ya London na kihamba cha Machame ni dunia mbili. Nani angejua kama kitu kilichofaa kule kitafaa hapa? Kwa swali hilo Hai ilikuwa tayari kuliko mahali pengi. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 vijiji vyake vimekuwa vikihesabiwa kaya kwa kaya katika tafiti za vifo na maradhi ya watu wazima, na wenyeji wamezoea kuona mtu mwenye daftari akibisha hodi. Katika miaka ya 2009 na 2010 watafiti wa Tanzania na Uingereza, miongoni mwao Richard Walker na Stella-Maria Paddick, walifanya kazi katika vijiji 6 na kuwapima watu 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi. Kiwango cha demensia, baada ya kusawazishwa kwa umri, kilikuwa asilimia 6.4. Kwa muda mrefu ilikuwa imesemwa kwamba ugonjwa huu ni nadra Afrika. Vijiji vya Hai vilionyesha kwamba hauko mbali na viwango vya nchi tajiri. Tofauti ni kwamba huku wagonjwa walikuwa majumbani, hawajulikani kwa yeyote isipokuwa wanaowaosha.

Kupima kwenyewe kulihitaji ubunifu. Vipimo vilivyotoka Ulaya humtaka mtu asome sentensi, aandike, achore maumbo kwa penseli. Bibi wa Hai aliyekatazwa shule ili achunge ndugu zake angeshindwa hata kama akili yake ni timamu kabisa. Kwa hiyo kikatungwa kipimo kifupi kisichohitaji kalamu, na muuguzi alinikubalia nimfuate alipokwenda kukitumia katika nyumba moja mtaa wa juu. Alipanga njiti nne za kiberiti kwenye kigoda, akampa bibi njiti nyingine apange vivyo hivyo. Alimwomba ataje wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja. Akamsomea orodha ya maneno, na baadaye akamwuliza yapi anayakumbuka. Akamwuliza mwenyekiti wa kijiji ni nani. Kisha akauliza: daraja ni nini?

"Ni pale Kikafu," bibi alijibu bila kusita.

Muuguzi alingoja. Alichokuwa akikitafuta ni maana, kitu cha kuvushia mto, si mahali. Bibi alimtazama kama anayemwonea huruma mtu asiyelijua daraja la Kikafu, akaongeza kwamba magari huanguka pale. Nilipokuwa nimeketi nao, kuku wakipita miguuni, niliona jinsi kazi hii ilivyo ngumu kuifanya kwa haki. Kipimo kizuri humtenga mtu aliyepoteza kumbukumbu na mtu ambaye tu hakufundishwa kujibu maswali ya namna hii, na ili kukipata ilibidi watafiti wakae sana kwenye vigoda kama hivi.

Jaribio la tiba yenyewe lilifuata, na ripoti yake ilichapishwa mwaka 2017. Lilikuwa dogo: watu 34 wenye demensia ya kiwango cha chini au cha kati, katika vikundi vinne. Mada zilibaki, vifaa vikabadilishwa vitoke jikoni na shambani, na michezo ya maneno iliyodai kusoma ikafanywa ya kusema. Kinachonivutia zaidi ni namna ya kugawanya watu. Katika majaribio mengi nusu hupewa tiba na nusu hawapewi kabisa. Kijijini, ambako jirani anamwona jirani akipanda bodaboda kwenda kikundini kila wiki, jambo hilo lingezua manung'uniko na lingeumiza. Hapa bahati nasibu iliamua tu nani aanze na nani angoje. Waliongoja walipimwa wakiwa wanangoja, kisha nao wakaingia. Mwishoni kila mtu alikuwa amepata zamu yake, na watafiti walikuwa na kitu cha kulinganisha.

Akili ikaimarika kwa vipimo, wasiwasi ukapungua, na zile tabia zinazochosha familia, kama kuzunguka ovyo na hasira za ghafla, zikapungua pia. Watu 34 hawatoshi kuamulia sera ya nchi, na waliofanya kazi hiyo hawakudai hivyo. Baadaye mradi mkubwa zaidi ukaichukua tiba hii kwa pamoja Brazil, India na Tanzania, swali likiwa sasa namna ya kuiingiza katika huduma za kila siku. Kuna ugumu mwingine ambao wasomaji wa takwimu hawauoni. Anayepima hapaswi kujua nani ameshapata tiba, ili moyo wake usimpendelee mtu. Lakini muuguzi aliniambia kwamba wazee hawafichi siri hiyo. Mpimaji akiingia tu, bibi anamwimbia wimbo wa kikundi.

Na ridhaa? Wengi hutia dole gumba kwenye wino mbele ya shahidi wa familia, baada ya kusomewa karatasi kwa Kiswahili na kufafanuliwa kwa Kimachame. Niliona jambo ambalo karatasi hazilitaji: kabla ya kila kikao dada yule aliwauliza tena kama wanataka kukaa. Bibi mmoja alisema hataki, amechoka. Akapewa chai, akakaa dirishani akitazama nje, na hakuna aliyemshawishi. Nusu saa baadaye alivuta kiti chake mwenyewe akaingia kwenye duara.

Alasiri nilifuatana na babu wa pama hadi nyumbani kwake. Kwa desturi za huku kihamba cha wazazi humwangukia kitinda mimba, pamoja na wazazi wenyewe. Kitinda mimba wa nyumba hii yuko Dar es Salaam kwenye gereji, kwa hiyo mzigo umemwangukia mke wake. Alikuwa akikata majani ya ng'ombe huku akinisimulia. Usiku baba huamka saa nane, anavaa koti, anataka kupeleka kahawa kwenye chama cha msingi. Kahawa waling'oa zamani. Amejifunza kutombishia. Humwambia karani hajafika, kisha humchemshia maziwa. Wakati wa mchana akienda kuteka maji hufunga mlango kwa nje, na huenda akilia, maana haoni njia nyingine.

Walianza na maombi, akasema. Mchungaji alikuja, kisha mtumishi mwingine kutoka mjini, kisha mtu wa dawa za miti shamba aliyetaka mbuzi. Sikumwona mjinga hata kidogo. Watu wa kwanza kuja nyumbani mwake na kumsikiliza walikuwa hao. Zahanati, alipokwenda, ilimwambia ni umri. Mashemeji nao hurudi Krismasi, wanaona baba amevaa suti, anacheka, anakumbuka majina ya watoto wao au anajifanya kukumbuka, na wanasema mbona mzee yuko salama. Januari wanaondoka. Mabasi yakishashuka mlima, usiku wa saa nane unarudi kuwa wake peke yake.

Na hapa angalau jirani walimwonea huruma. Usukumani, kwa miaka mingi, vikongwe wenye macho mekundu kwa moshi wa kuni na samadi wamekuwa wakituhumiwa uchawi na kuuawa. Ajuza anayetangatanga usiku na kusema maneno yasiyoeleweka, asiyekumbuka alikotoka, yuko hatarini zaidi ya wengine wote. Katika mahali kama hapo, kujua tu kwamba huu ni ugonjwa kunaweza kuokoa shingo ya mtu.

Niliwaza hayo yote kwa sababu huko nje dunia ya tiba ya demensia inazungumza mengine. Mwishoni mwa mwaka 2022 yalitoka matokeo ya dawa iitwayo lecanemab, inayosafisha protini iliyorundikana ubongoni. Watu 1,795 walifuatiliwa kwa miezi 18, na waliopewa dawa walididimia polepole zaidi kwa asilimia 27 kuliko waliopewa dawa bandia. Kwa kipimo chenye alama 18, hiyo ni tofauti ya alama 0.45. Katika jaribio hilo dawa ilidungwa mshipani kila baada ya wiki mbili, na ubongo ulipigwa picha mara kwa mara kuangalia uvimbe na damu. Bei yake ilipoanza kuuzwa Marekani ilikuwa dola 26,500 kwa mwaka. Siibezi. Miongo ya kushindwa ilitangulia alama hiyo chini ya nusu, na kwa familia iliyoipata, miezi kadhaa ya kumtambua mama ni miezi ya thamani. Lakini Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya asilimia 60 ya watu wenye demensia wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kwao, swali la dawa hiyo halijafika hata mlangoni. Duara la viti limefika.

Kwa hiyo naudhika ninapoona majaribio ya matunzo yakiwekwa kando kama jambo jema la hisani, na majaribio ya molekuli yakiitwa sayansi. Vikundi vya Hai vilipimwa kwa bahati nasibu, kwa vipimo vilivyothibitishwa, kwa ruhusa za kimaadili, tena katika mazingira magumu zaidi. Vinastahili fedha za kupimwa tena kwa watu mia kadhaa, mikoa tofauti, pwani na bara, na kwa muda mrefu.

Muda mrefu ndilo jambo lenyewe. Vikao ni 14, kisha vinakwisha. Kikundi nilichokitembelea kilikuwa kimebakiza vichache tu. Uingereza nako swali hili lilijaribiwa: ripoti ya mwaka 2014, yenye watu 236, ilionyesha kwamba walioendelea kukutana mara moja kwa wiki kwa wiki 24 zaidi waliyaona maisha yao kuwa bora baada ya miezi 6 kuliko walioacha baada ya wiki 7. Ushahidi upo. Ila utafiti ukiisha, nauli ya bodaboda inaisha nayo, na muuguzi anarudi kwenye foleni ya zahanati.

Nilipowaacha, watunzaji walikuwa wamekaa kwenye ngazi za ukumbi wakijadili namna ya kuendelea wenyewe. Usharika ulikuwa umekubali kuwaachia chumba. Kila nyumba ingetoa shilingi elfu mbili kwa wiki za nauli na chai. Dada wa tiba kwa vitendo angekuja mara moja kwa mwezi, na kati ya hapo wao wenyewe, baada ya kufundishwa, wangeongoza kwa zamu. Kilichowashinda kilikuwa siku. Alhamisi, utafiti ukishaisha, muuguzi angerudi kwenye kliniki ya watoto, kwa hiyo asingeweza. Jumamosi ingefaa, lakini nyumba mbili ni Wasabato. Ijumaa kuna soko. Jumatano ilikuwa inaelekea kushinda. Ilibaki barua ya kumwombea muuguzi ruhusa ya saa mbili, na mwalimu mstaafu, ambaye mkewe ni mmoja wa wale saba, alikuwa ameshaanza kuiandika kwa mkono gotini, akiwasomea kila mstari na kuuliza kama umekaa sawa.